Pima Kila Seli, Usipime Betri Nzima Pekee

Mafundi wa Unguja na Pemba wanaounga betri za lithiamu kwa seli za kompyuta mpakato mbovu wanafanya kazi ya kuheshimiwa, kwani betri hizo huwasha taa za wavuvi wa dagaa na feni za majumbani umeme unapokatika. Linalotutia wasiwasi ni fundi kupima volti za betri nzima na kuridhika.

Chukua seli tatu za ioni za lithiamu zilizoungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Zikijaa, mita husoma volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Lakini mita itasoma hizo hizo 12.6 endapo moja ina 4.35, ya pili 4.20 na ya tatu 4.05, na chaja ya kawaida nayo huona jumla hiyo tu. Ile yenye 4.35 imeshavuka mpaka wake: lithiamu huanza kuganda kwenye upande wake wa hasi, kemikali za upande wa chanya hupoteza uthabiti, na joto likipita kiasi seli hujichochea yenyewe hadi ikawaka. Wakati wa kutumia, ile iliyopungukiwa huishiwa mwanzo, na ikishushwa mno, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka na huweza kuleta shoti itakapochajiwa tena.

Bodi ya ulinzi, yaani saketi ndogo inayokata umeme seli ikizidi au ikipungukiwa mno, ni ya lazima, ila isitwikwe mzigo usio wake. Bodi za bei nafuu zinazosawazisha seli, yaani kuzilinganisha volti, aghalabu hufanya hivyo kwa kupitisha chaji ya ziada kwenye rezista, kwa mkondo mdogo wa miliampia 50 hivi, tena pale tu seli zinapokaribia kujaa. Tofauti ya chaji ya miliampia-saa 500 itahitaji saa 10 za kusawazishwa, ilhali mvuvi anayewahi maji huichomoa betri mara taa ya chaja inapogeuka kijani.

Kwa hiyo kazi hii ianze kabla ya kuunga. Chaji kila seli peke yake hadi 4.2, iache wiki nzima, kisha ipime tena, na iliyoshuka waziwazi kuliko wenzake iwekwe kando. Zilizobaki zipimwe uwezo na kupangwa zinazolingana. Seli za kuungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zisipishane zaidi ya volti 0.05, kwani iliyojaa huimwagia iliyo tupu mkondo mkubwa usio na wa kuuzuia. Seli za fosfati ya chuma, aina nyingine ya seli za lithiamu ambazo hujaa kwenye volti 3.65, zisichanganywe na hizi kabisa.

Betri inayokwenda baharini ifunguliwe kila mwezi, kwa sababu unyevu wa chumvi hula vile viwaya vyembamba vya kusawazisha na bodi ikasoma volti zisizo za kweli. Pima kila seli baada ya kuchaji, andika, linganisha na mwezi uliopita. Seli ile ile ikiendelea kubaki nyuma hata baada ya kusawazishwa, imechoka, na dawa yake ni kutolewa.