Kabla ya supakondakta kuna kihami: namna ya kusoma spektra yake

Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na sehemu yake hugeuka joto njiani kwa ukinzani wa waya. Hapo ndipo wanafunzi huulizia supakondakta, vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mimi huwaanzishia wasipopatarajia: kwenye kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.

Oksaidi za shaba, zilizoanza kuvuma mwaka 1986 kwa kazi ya wanafizikia Bednorz na Müller, zikiwa safi hazipitishi umeme. La2CuO4, mojawapo ya oksaidi hizo, ni kihami mpaka itiwe bariamu au strontiamu kidogo. Hesabu za kawaida huitabiri kuwa metali. Kinachoizuia ni elektroni za shaba kusukumana mno, hata kila moja ikabanwa kwenye atomu yake.

Tukitaka kuchungulia ndani, tunaiangazia sampuli kwa miale ya urujuanimno kwenye ombwe, kisha tunapima nishati ya elektroni zinazochomoka. Grafu ya nishati hizo, yaani spektra, hutoka yenye mwinuko mpana, na wengi hukimbilia kusoma kilele. Taratibu kwanza!

Grafu ya metali ina ukingo mkali unaotuonyesha sifuri ya nishati iko wapi. Ya kihami haina. Isitoshe, elektroni zikitoka bila kufidiwa, sampuli hubaki na chaji chanya na spektra nzima husogea. Dawa yake ni kupunguza mwanga: kilele kikihama, ujue unapima chaji, si kampaundi.

Upana wa mwinuko ndio ulioleta ubishi hasa. Mwaka 1995 Wells na wenzake walipima Sr2CuO2Cl2, kihami kingine chenye shaba, wakaona kilele kikitembea kadiri walivyobadilisha mwelekeo wa kupimia, kwa takriban elektronivolti 0.3 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati), karibu na ilivyotabiriwa kwa nafasi moja iliyoachwa na elektroni ikihama katikati ya sumaku ndogondogo za shaba. Lakini mwinuko wenyewe ulikuwa mpana mno kuwa hali moja tu. Mwaka 2004 Kyle Shen na wenzake, kwa kampaundi ya jamii hiyo hiyo, Ca2CuO2Cl2, walitoa maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi. Mtu akiruka kutoka kwenye ngalawa, sehemu ya nguvu zake huishia kuiyumbisha. Elektroni nayo ikitoka huacha atomu zikitikisika, na kila kiwango cha mtikisiko huchora mstari wake. Mistari hiyo ikijumlishwa ndiyo mwinuko. Hali isiyo na mtikisiko iko kwenye mguu wake, hafifu mno kuonekana.

Kwa hiyo anayepima kutoka kileleni huongeza nishati isiyohusika. Na pengo la nishati, yaani kiasi ambacho elektroni ya kihami huhitaji ili iweze kupitisha umeme, karibu elektronivolti 2, halisomeki hapa peke yake, kwani njia hii huonyesha upande wenye elektroni tu.