Je, wajua? Chembe isiyoonwa na yeyote hujulikanaje kwamba ilikuwepo

Juzi barazani Mji wa Kale, kahawa tungu ikizunguka, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinibana: "Ami, nimesoma kuna chembe iitwayo f0(1500), huzaliwa na kufa papo hapo. Nani aliyeiona?"

Hakuna. Chukua sekunde uigawe vipande trilioni moja, kisha kipande kimoja ukigawe tena trilioni: chembe hiyo huishi vipande sita hivi. Kwa muda huo hata nuru haipigi hatua zaidi ya upana wa protoni moja hivi. Hakuna kamera ya kunasa jambo hilo. Kinachobaki ni masalia.

Masalia hayo yalikusanywa CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kwenye jaribio la Crystal Barrel lililoendeshwa 1989 hadi 1996. Antiprotoni, pacha wa protoni mwenye chaji kinyume, ilipunguzwa mwendo mpaka ikasimama ndani ya haidrojeni ya kimiminika. Ikigusana na protoni, zote mbili huangamia na kugeuka nishati, na katika nishati hiyo huzuka chembe nyingine. Mara nyingine hutoka chembe nyepesi ziitwazo pioni, tatu zisizo na chaji, na kila pioni huvunjika upesi ikawa fotoni mbili, yaani chembe mbili za nuru. Fuwele 1,380 za seziamu iodidi zilizozunguka pale zikanasa fotoni sita: nguvu ya kila moja na upande ilikoelekea.

Sasa mfikirie kondakta wa matatu mwenye sarafu tatu mkononi. Mbili ni chenji ya noti moja iliyovunjwa, ya tatu kapewa na abiria mwingine. Zipi mbili? Kwa safari moja hutajua. Lakini jumlisha mbilimbili kila safari, na jumla fulani ikijirudia kupita kiasi, utaitambua noti ambayo hukuiona. Sarafu ndizo pioni, na noti ndiyo chembe iliyovunjika ikawa pioni mbili. Mfano huu wapwaya kidogo, kwa sababu fizikia haijumlishi nishati peke yake; huingiza pia mielekeo ili kupata masi ya mzazi. Crystal Barrel ilikuwa na "safari" takriban 700,000 za pioni tatu.

Richard Dalitz, mzaliwa wa Australia, alionyesha mwaka 1953 namna ya kuzichora. Kila tukio ni nukta moja: mraba wa masi ya jozi moja ya pioni huenda mlalo, wa jozi nyingine huenda wima. Kama hakuna chembe iliyopita katikati, nukta hutapakaa sawasawa kama mchele uliomwagwa siniani. Ikiwepo, zinajipanga ukanda. Na ukanda wenyewe una lugha yake. Ukijaa sawasawa, chembe haina spini, yaani mzunguko wake wa asili. Chembe nyingine, f2(1270), yenye spini 2, hujaza ncha za ukanda wake na kupunguza njiani.

Utamu, na maumivu ya kichwa, uko pale kanda mbili zinapokatana. Simama Likoni utazame mawimbi ya feri mbili yakikutana: mahali pengine maji huinuka maradufu, pengine hulala kabisa. Chembe nazo ni mawimbi. Mahali penye njia mbili huwezi kuhesabu nukta za huku ukaongeza za kule. Unajumlisha mawimbi kwanza, ndipo unatafuta mraba wake. Kwa hiyo kompyuta hupewa orodha ya mawimbi yanayodhaniwa kuwemo, ikabashiri picha nzima, ikailinganisha na nukta halisi, ikarekebisha tena na tena. Ondoa wimbi moja: picha ikiharibika vibaya, lilikuwemo kweli. Hivyo ndivyo f0(1500) ilivyojitokeza katikati ya miaka ya 1990.

"Na huo umri mmeupimaje bila saa?" Kijana hakuchoka. Nikamjibu kwa udi. Uzi ukiachwa ulie, mwanataarabu atakutajia noti yake bila kosa. Uzime kwa kiganja punde tu baada ya kuupiga, noti haishikiki. Chembe ya maisha mafupi vivyo hivyo: masi yake husambaa. Ukanda wa f0(1500) una upana wa megaelektronivolti 110 hivi (kipimo cha masi, na ndicho cha ile 1500 ya jina lake), na upana huo ndio unaotoa umri.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu nadharia yabashiri chembe iliyoundwa kwa gluoni tupu, yaani gundi ya ndani ya protoni bila kuarki, zile chembe ndogo ambazo gundi hiyo huzishikanisha, na masi yake yakisiwa kuwa papo hapo karibu na megaelektronivolti 1500 hadi 1700. Ila f0(1370) na f0(1710) ni majirani wa aina ileile, na chembe za namna hiyo huchanganyika. Mabishano ya nani ana gluoni nyingi zaidi hayajaisha.