Deiwaka kwenye dramu: uvumi na ukweli kuhusu wapiga dramu wageni wa metali

Juni 6, 2004, katika tamasha la Download pale Donington Park, Uingereza, bendi ya Metallica ilipanda jukwaani bila mpiga dramu wake, Lars Ulrich. Alikuwa amelazwa hospitalini. Onyesho halikufutwa. Watu watatu walipokezana kiti chake: Dave Lombardo wa Slayer, Joey Jordison wa Slipknot, na Flemming Larsen, fundi wa dramu wa Lars mwenyewe. Wapenzi wa metali, yaani muziki wa roki nzito, hawajaacha kulisimulia tukio hilo, na kila msimuliaji anatia chumvi yake. Kutokana na simulizi za namna hiyo yamezuka mambo ambayo watu huyachukulia kama kweli tupu.

"Mgeni huitwa kunogesha shoo."

Hutokea, lakini si sana. Julai 5, 2025, Black Sabbath walipowaaga mashabiki wao katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, Danny Carey wa Tool, Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers na Travis Barker wa Blink-182 walichuana kwenye dramu katika wimbo "Symptom of the Universe". Ile ilikuwa sherehe, na kila aliyeketi alijua mapema anakuja kufanya nini. Kwa kawaida mgeni huletwa na shida: ugonjwa, msiba, ugomvi wa malipo, au watu wa uhamiaji. Mwaka huohuo wa 2004, Frost, mpiga dramu wa bendi ya Satyricon ya Norwei, hakuruhusiwa kuingia Marekani. Tiketi za ziara zilishauzwa, ikabidi atafutwe mtu. Akapatikana Jordison, huyuhuyu.

"Anayeweza Slayer atashindwa nini kwa Metallica?"

Hili ndilo kubwa, na wanaolisema wengi hawajawahi kushika fimbo za dramu. Tazama nyimbo zilivyogawanywa usiku ule wa Donington. Lombardo, ambaye kwa kasi ya miguu miwili ana wachache wa kumfikia, alifungua na "Battery" na "The Four Horsemen", kisha akashuka. Jordison akabeba sehemu kubwa ya onyesho. "Fade to Black" akapewa Larsen, fundi.

Lombardo hana tatizo na kasi. Kazi ya mgeni iko kwenye mambo ambayo msikilizaji hayaoni: rifu (kipande kifupi cha gitaa) inarudiwa mara nne au nane, ni wapi bendi nzima inakata kwa pigo moja, toazi lipi linashikwa kwa mkono ili ukimya uingie. Zaidi ya hapo, wimbo wa jukwaani si wimbo wa kwenye albamu. Kasi inapanda, mwisho unavutwa, mwimbaji anasimama katikati kuongea na watu na hakuna anayejua atamaliza lini. "Fade to Black" unaanza taratibu kwa gitaa kavu na kuishia mbioni, ukibadilika mara kadhaa njiani. Kwa sikio langu, kumpa mtu ambaye kila usiku hukaa hatua chache nyuma ya Lars, akiusikiliza ukigeuka, kulikuwa uamuzi wa busara kuliko kumpa nyota yeyote.

Mgeni wa dramu ni kama deiwaka wa daladala, dereva wa kushikia kwa siku: gari la mtu, ruti ya mtu, na abiria wameshajaa. Kujua kuendesha hakutoshi kama hujui vituo.

Hapo pia unaanguka uvumi mwingine, kwamba fundi wa dramu ni mbeba mizigo tu. Yeye ndiye anayekaza ngozi, anayebadilisha zilizochoka, na anayepiga ngoma mojamoja wakati mitambo inapojaribiwa mchana, uwanja ukiwa mtupu.

"Metali ni nguvu, mtu hawezi kupiga shoo mbili kwa siku."

Jon Dette alizipiga. Mwaka 2013, kwenye ziara ya tamasha la Soundwave nchini Australia, Slayer walikuwa wameachana na Lombardo kwa mvutano wa pesa siku chache kabla ya safari. Anthrax nao walikuwa wamesafiri bila mpiga dramu wao, Charlie Benante. Dette akapiga na bendi zote mbili, siku hiyohiyo, jukwaa baada ya jukwaa. Kilichosaidia ni kwamba Slayer hawakuwa wageni kwake. Aliwahi kupiga nao kwa muda katikati ya miaka ya 1990.

Misuli ina nafasi yake, ila mpiga dramu anayetumia bega zima hamalizi hata wimbo wa tatu. Fimbo hudunda yenyewe juu ya ngozi, vidole vinaidaka na kuirudisha. Mguuni kazi ni ya kifundo. Ndiyo maana mgeni mwenye uzoefu anaweza kukubali ngoma za mwenyeji bila neno, lakini pedali atakuja na zake, mara nyingi na snea yake (ile ngoma ndogo ya mlio mkali) na kiti chake. Springi ya pedali ikiwa ngumu kidogo kuliko aliyoizoea, au kiti kikiwa chini kwa vidole viwili, miguu inachelewa, na katika metali miguu ikichelewa kila mtu anasikia.

"Siku hizi kuna kliki masikioni, kazi imekwisha." Kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, inakupa kasi. Haikwambii kwamba mpiga gitaa ameamua kuirefusha solo yake.

"Mgeni akishaketi, mwenyeji hana kazi."

Dirk Verbeuren ndiye mfano unaopendwa. Mwaka 2016 aliingia Megadeth kumshikia nafasi Chris Adler, aliyekuwa na majukumu ya Lamb of God, tena kwa pendekezo la Adler mwenyewe. Akabaki moja kwa moja.

Mike Portnoy mambo hayakumwendea hivyo. The Rev, mpiga dramu wa Avenged Sevenfold, alipofariki mwishoni mwa 2009, Portnoy alirekodi nao albamu, akazunguka nao 2010, na Septemba mwaka huo akatangaza kuondoka Dream Theater, bendi aliyoiasisi. Kabla mwaka haujaisha, Avenged Sevenfold walimshukuru wakaachana naye.

Na kuna mgeni ambaye kuondoka kwake ndiko kulikuwa lengo. Rick Allen wa Def Leppard (wengine watasema hii si metali, tuache ubishi) alikatika mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari Desemba 31, 1984. Akajifunza upya, akitumia pedali za umeme kufanya kazi ya mkono uliokosekana. Katika maonyesho ya kujipima nchini Ireland mwaka 1986, bendi ilimweka Jeff Rich wa Status Quo apige sambamba naye, kama bima. Siku moja Rich alichelewa. Allen akaanza peke yake, wenzake wakasikia kwamba hakuna kinachopungua, na Rich akabaki na Status Quo yake.