Jungle haikutoka ndani ya Atari
Kuna stori inazunguka miaka yote, eti jungle na dramu-en-besi, muziki wa dansi wa dramu za kasi wa Uingereza wa miaka ya 90, sauti zake zilitoka kwenye kompyuta ya Atari ST. Hapana jamani. Atari ilikuja na matundu ya MIDI (njia ya kutuma amri kwa vyombo vya muziki) tayari, kwahiyo mtu anaweka programu ya muziki ya Cubase humo na kompyuta inatuma amri tu, piga noti hii, acha ile, ila sauti yenyewe inatoka kwenye sampla ya pembeni, mashine ya kurekodi na kupiga vipande vya sauti, kama Akai S950. Chipu ya Atari ina sauti 3 tu, milio ya magemu ile.

Kompyuta ya Amiga ndo ilikuwa inapiga sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) yenyewe, chaneli 4, biti 8, na Aphrodite, prodyuza wa jungle, ametengeneza ngoma zake kwa Amiga na programu ya OctaMED. Kwenye ProTracker, programu nyingine ya muziki ya Amiga, unaandika 9 na namba mbili mbele yake, sampuli inaanzia katikati, basi breki moja ya dramu (kipande cha dramu tupu kutoka kwenye wimbo) unaikatakata utakavyo bila kuongeza memori, na memori ilikuwa kilio kweli maana sekunde 6 za sauti kwa 16 kHz (vipimo 16,000 kila sekunde) zinakula KB 96 hivi wakati Amiga 500 ilikuja na KB 512 tu.