Dubu hakimbii baridi

Juzi nilikuwa nafundisha vijana wanaosomea kuongoza watalii hapa Iringa. Mmoja, mzaliwa wa Makete, akauliza: "Mwalimu, kwetu mwezi wa saba sakitu inaunguza viazi shambani. Mbona hatuna mnyama anayelala msimu mzima kama dubu?"

Swali zuri mno, kwa sababu wengi tunaamini dubu analala akikimbia baridi. Sivyo. Dubu wa kahawia, yule wa Urusi na Alaska, ana manyoya mazito na mafuta tele chini ya ngozi. Kinachomwingiza shimoni ni njaa. Theluji ikifunika ardhi miezi mingi, mizizi, majani mabichi na matunda pori havipatikani tena. Makete sakitu huyeyuka jua likipanda, na pongo anaendelea kula majani yake. Alale ya nini? Hata kisiwani Kodiak, kule Alaska, baadhi ya madume hupitisha majira ya baridi bila kuingia shimoni.

Kabla ya kulala, dubu hula kama mwenye deni. Samaki waitwao samoni wakijaa mtoni, hula ngozi, ubongo na mayai, penye mafuta mengi, na mnofu anauacha. Asiyemjua atasema anaharibu chakula. Mimi naona mnyama anayejua hesabu. Dume wa pwani ya Alaska anaweza kupita kilo 400, yaani magunia manne ya mahindi.

Shimoni hukaa miezi mitano hadi saba bila kula, kunywa wala kukojoa. Moyo unaweza kushuka hadi mapigo kama 10 kwa dakika, lakini joto la mwili hupungua nyuzi chache tu, kwa hiyo ukimsogelea anaweza kuamka. Binadamu akilala kitandani mwezi mmoja, miguu inakonda. Dubu huigeuza urea, taka ambayo sisi tunaikojoa, kuwa protini tena, na misuli yake inabaki.

Jike ndiye anayenishangaza zaidi. Hupandwa kati ya Mei na Julai, lakini mimba haijishikizi kwenye mfuko wa uzazi hadi karibu Novemba, na kama mafuta hayakutosha, haiendelei. Watoto huzaliwa Januari au Februari, vipofu, kila mmoja kama nusu kilo ya sukari. Wananyonya humo gizani, na mama yao hajatia kitu kinywani tangu alipoingia.