Kikoa ni nini? Maelezo kwa dalali anayefungua tovuti yake ya kwanza

Kikoa ni jina ambalo mtu huliandika kwenye simu ili afike kwenye tovuti yako. Ukiona tangazo limeandikwa jinalako.co.tz, hilo lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi tz, ndilo kikoa. Mafundi wengi hulitaja kama "domeni", na ukisema hivyo utaeleweka haraka zaidi. Wazee wetu wa Pwani wanalijua neno kikoa kwa maana nyingine: kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo chakula kinatoka kwako, kesho kwa mwenzio. Kikoa cha tovuti hakina zamu. Kina mwenyewe mmoja aliyeandikishwa, na suala la nani ndiye mwenyewe ndilo lililonifanya niandike haya.

Dalali hahitaji mfano wa mbali. Kwenye hati, nyumba inaitwa Kiwanja Namba fulani, Kitalu fulani, Kange, Tanga. Hakuna mteja anayekuja kuuliza hivyo. Anauliza nyumba ya kijani nyuma ya msikiti, au kwa mama fulani muuza vitumbua. Kompyuta inayotunza tovuti yako, ambayo tunaiita seva, nayo ina namba yake ya kiwanja, mfano 192.0.2.45, na mashine huelewana kwa namba hizo. Kikoa ni jina la mtaani la namba hiyo. Kila mtu anapofungua ukurasa, kuna utaratibu unaoligeuza jina kuwa namba, nao unaitwa DNS.

Utaratibu huo haukuwepo tangu mwanzo. Miaka ya 1970, majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti huko California, na kila mwenye kompyuta akalinakili. Ni kama mji mzima kumtegemea balozi mmoja mwenye daftari moja. Kompyuta zilipozidi, daftari likaelemewa. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris akabuni njia ya kugawana kazi: hakuna anayejua majina yote, ila kila mmoja anamjua wa kumuuliza.

Mgeni akishuka stendi ya Kange anamtafuta ndugu yake Ngamiani, bodaboda hamjui huyo ndugu, lakini anaijua Ngamiani. Akifika Ngamiani ataelekezwa barabara, maana pale barabara zina namba. Kwenye barabara yenyewe atapata mtu wa kumwonyesha mlango. Kikoa nacho husomwa hivyo, kwa kuanzia kulia. "tz" ni Tanzania, na majina yote yanayoishia hivyo yako chini ya usimamizi wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. "co" ni kundi la biashara. Mwisho kabisa, kushoto, ndipo lilipo jina lako. Safari nzima huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa tuingie kwenye umiliki, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Watu husema "nimenunua domeni". Hawajanunua. Dalali yeyote anajua kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini, na kwamba chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 mtu hupewa haki ya kumiliki kwa muda, kama vile miaka 33, 66 au 99, huku akilipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kikoa ni hivyo hivyo, ila muda wake ni mfupi mno. Unakisajili kwenye kampuni ya usajili kwa mwaka mmoja au zaidi, unalipia, ukimaliza unalipia tena. Hata kinachoishia na .com hakisajiliwi kwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Mwenye haki ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili. Hapa haitazamwi nani alitoa hela wala nani alibuni jina.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Alinijia kijana mmoja, dalali wa nyumba na viwanja, ofisi yake ni chumba kimoja Ngamiani. Ukutani alikuwa amechora kikoa chake kwa rangi ya bluu, herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kadi mia tano zilikuwa zimeshachapwa. Akanipa simu nione. Jina lile lile la ukutani lilikuwa linafungua ukurasa wa matangazo ya kamari kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

"Kaka, hili jina nimelilipia mwenyewe," akaniambia. "Muamala huu hapa."

Muamala ulikuwepo, wa kweli. Ulikwenda kwa fundi aliyemtengenezea tovuti ya kwanza. Fundi yule alisajili kikoa kwa jina lake na kwa barua pepe yake, pengine kwa kurahisisha kazi tu, kisha akahama mji na namba yake ikawa haipatikani. Taarifa za kuhuisha zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo mwenye biashara hakuwahi kuiona. Jina lilikuwa la .com. Likiisha muda, kampuni ya usajili inaweza kukuvumilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kulifuta, baada ya hapo ni la yeyote anayewahi. Siku zote hizo zilipita kijana anaonyesha watu vyumba Mabawa na Chumbageni, hana habari.

Nikamuuliza: mteja akikuletea muamala wa simu bila hati ya mauziano, jina lake halimo popote, utamwambia kiwanja ni chake? Akanyamaza, akautazama ukuta wake. Alinielewa kuliko wateja wangu wengine wote, kwa sababu jambo hilo analiona kila wiki kwenye ardhi.

Kwa hiyo, kama ndiyo unaanza, fundi akusajilie kikoa wewe ukiwa umekaa naye. Mahali pa jina la mmiliki aliyesajiliwa paandikwe jina lako au la kampuni yako kama lilivyo kwa msajili wa kampuni, BRELA. Barua pepe iwe yako, unayoifungua kila siku, na nywila uibadilishe ukifika nyumbani. Fundi mwaminifu hatachukia; mimi namwomba mteja aandike mwenyewe, nikiwa nimegeuka upande wa pili. Akaunti hiyo ndiyo kabati lako la hati. Humo ndimo utakapopata msimbo wa idhini siku ukitaka kuhamisha kikoa kwenda kampuni nyingine ya usajili.

Kikoa si tovuti, na si seva. Seva ni kiwanja cha kupanga: unalipa kodi, mwenye nacho akizembea unahama. Kurasa zako, picha na maandishi, ni samani zako. Ukihama, unakielekeza kikoa kwenye namba mpya, na baada ya muda, pengine saa chache, pengine siku moja au mbili, wateja wanafika kwenye seva mpya kwa jina lile lile bila hata kujua kuwa umehama. Ukurasa wa Instagram haukupi uhuru huo. Mle wewe ni mpangaji kwenye baraza la mtu, na siku akaunti ikifungwa, jina na wafuasi vinabaki kwake. Endelea kutangaza huko, ndiko watu waliko, lakini kila tangazo liwaelekeze kwenye kikoa chako.

Kikoa pia hukupa barua pepe yenye jina la biashara. Kwa mtu aliyeko Maskat au Dar es Salaam anayetaka kutuma mamilioni kwa ajili ya kiwanja cha Pongwe ambacho hajakiona, na ambaye ameshasikia habari za kutosha za utapeli wa viwanja, barua hiyo haimthibitishii kwamba wewe ni mkweli. Inamwonyesha tu kwamba una anwani moja usiyoibadilisha kila mwezi. Ukweli wako atauona kwenye kurasa zenyewe: kiwanja kina mita za mraba ngapi, kimepimwa au hakijapimwa, kina hati au makubaliano ya serikali ya mtaa tu. Jina la mwenye kiwanja na nakala ya hati yake usiviweke hadharani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, nakala ya hati ikizagaa mtandaoni ni chambo cha matapeli.

Katika kuchagua jina, ufupi unasaidia, na jaribu kulitamka kwa simu mara moja: aliyekusikia akiweza kuliandika bila kuuliza, limefaa. Herufi, tarakimu na kistari katikati ndivyo vinavyokubalika kwa kawaida. Alama ya ritifaa haikubaliki, hivyo jina lenye ng' litapoteza alama yake na kusomeka vibaya; ni hasara ya pekee kwetu Waswahili. Usijifunge na mtaa mmoja pia. Leo unauza Kange, kesho kutwa Mwakidila au Chongoleani.

Ukitafuta ushauri mtandaoni utakuta mwingi umeandikwa kwa ajili ya madalali wa Marekani, ambako tovuti ya dalali huchota orodha ya nyumba kutoka hifadhi ya pamoja ya eneo lake, iitwayo MLS. Wewe huna hifadhi kama hiyo ya kuchotea. Nyumba kumi ulizonazo utaziandika mwenyewe, na iliyokwisha kupangishwa utaiondoa mwenyewe siku hiyo hiyo. Kazi hiyo ni ya kila siku, na ndiyo inayoifanya tovuti iwe hai.

Yule kijana alisajili jina jipya la .co.tz tukiwa tumekaa pamoja, simu yake mkononi mwake. Ukuta aliupaka chokaa mara mbili kabla bluu ya zamani haijafichika. Ana daftari la tarehe ambazo wapangaji wake humaliza kodi. Nilipopita mwezi uliofuata alinionyesha mstari aliouongeza chini ya jina la mpangaji wa Makorora: kikoa, kulipia kabla ya tarehe 14 Machi.