Mashine ya mahudhurio na macho yetu: dhana na ukweli

Kwenye ofisi kadhaa za Posta na Kariakoo, mfanyakazi anaingia kwa kuitazama mashine ukutani. Mimi ni fundi wa kuzifunga, na kila nikiwasha moja kuna mtu anafumba macho. Namwelewa, maana mashine humulika jicho kwa infraredi, na mwanga usioonekana hautoi onyo. Lakini mengi wanayoambiana watu si kweli.

La kwanza: eti infraredi ni mionzi kama ya eksirei. Eksirei ina nguvu ya kuvunja vitu ndani ya seli. Infraredi iko ng'ambo ya wekundu, na kwa kuvunja vitu ni dhaifu hata kuliko mwanga wa taa ya sebuleni. Kazi yake ni kupasha joto. Mama lishe wa Buguruni akiinamia jiko la mkaa, lile joto linalompiga usoni kabla hajagusa sufuria, sehemu kubwa ni infraredi.

La pili: eti mashine inapenya mpaka nyuma ya jicho. Inapiga picha tu, ya lile duara la rangi linalozunguka mboni. Macho yetu mengi ni ya kahawia iliyokolea, na melanini, yaani rangi yake ya asili, hufyonza mwanga wa kawaida, kwa hiyo picha ingetoka giza. Kwa infraredi yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 850, michirizi inajitokeza vizuri. Ndiyo maana taa ile ikawekwa.

Hofu ya mtoto wa jicho ina asili ya kweli. Mafundi wa kuyeyusha na kupuliza vioo wa Ulaya waliupata baada ya miaka mingi mbele ya matanuri. Kilichowaumiza ni wingi wa joto na urefu wa muda. Kwa mtu anayekaa kwenye infraredi zaidi ya sekunde 1,000, kikomo kinachokubalika kimataifa kwa kulinda konea (utando angavu wa mbele ya jicho) na lenzi ni wati 100 kwa mita ya mraba. Jua la saa sita mchana hushusha takribani wati 1,000 kwenye eneo hilohilo, karibu nusu yake infraredi. Mashine iliyopimwa kwa IEC 62471, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mwanga wa taa, na kuwekwa kundi lisilo na hatari, unaitazama sekunde mbili tatu ukapita.

Dhana inayonitia wasiwasi ni ya upande wa pili: "Haionekani, basi haidhuru." Mboni husinyaa ikipigwa na mwanga inaouona, kwa infraredi inabaki wazi, na kope hazifumbi. Nimemkuta kijana amesogeza jicho karibu kugusa taa za kamera kubwa ya usiku, anachungulia kama zinawaka. Kwa taa ndogo, ukipunguza umbali nusu, mwanga unaokufikia unakuwa takribani mara nne. Usifanye hivyo kamwe. Elekeza kamera ya simu: zikiwa zinawaka utaona nukta za zambarau au nyeupe. Tumia kamera ya mbele, kwani ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kikali zaidi.